Kadi ya Babu na Wimbo wa Kasuku

Makala haya yalizaliwa na aibu. Muhula wa kwanza Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala, na hoja yenyewe ilisema kwamba siasa za Marekani zimeoza kuliko za Kenya kwa kuwa kule mtu huangalia chama chake kwanza, ukweli baadaye. Mimi nilikuwa mtetezi wa hoja. Nilijitayarisha wiki nzima. Siku ilipofika niliyamwaga majina ya maseneta, miaka na hesabu za kura, wenzangu wakanipigia makofi mpaka nikajiona mimi ndiye mimi. Mara akainuka msichana mmoja wa kidato cha pili, hata karatasi hakuwa nayo, akasema: "Ndugu msemaji, ya Washington tumeyasikia. Je, hapa kwetu Junda mtu wa chama chako akiiba, wewe wafanyaje?" Nilisimama kama mlingoti. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kura zilipohesabiwa tulishindwa vibaya.

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu, na swali lile likanifuata njia nzima. Nikaona bora nitafute jibu hapa hapa, kwa wazee wetu na katika historia ya nchi yetu, kisha niwaandikie. Yule dada akisoma haya ajue nilichelewa tu, sikukimbia.

Kwanza tuelewane. Chama cha siasa si kitu kibaya. Ni watu waliokubaliana namna wanavyotaka nchi iendeshwe, wakaungana kuomba kura pamoja. Mtu ana haki ya kukipenda chama chake kama vile shabiki wa Bandari aipendavyo timu yake hata ikifungwa mabao matatu. Lakini shabiki wa mpira hapewi ufunguo wa hazina ya serikali. Mwanasiasa hupewa. Ndipo ushabiki unapoacha kuwa mchezo.

Babu yangu, aliyekuwa kuli katika bandari ya Kilindini miaka mingi, ana kopo la Kimbo ambamo huweka vitu vyake vya zamani. Nilipomweleza habari ya mjadala alilifungua, akatoa kadi iliyochakaa, yenye picha ya jogoo. Ilikuwa kadi ya KANU. Nikamwuliza, "Kumbe babu ulikuwa mwana KANU damu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Damu ya wapi, mjukuu wangu? Hii haikuwa kadi ya mapenzi. Hii ilikuwa kipande." Wasomi wa historia mwajua kipande ni nini. Ni ile hati ambayo Mwafrika wakati wa mkoloni alilazimika kutembea nayo, asipokuwa nayo akashikwa.

Alinieleza kwamba miaka ya themanini vijana wa chama walikuwa wakisimama sokoni na kwenye stendi za basi, wakidai kadi. Huna, basi nunua papo hapo. Maana tangu Juni 1982 Bunge lilikuwa limeongeza katika Katiba kifungu cha 2A, kilichosema kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja tu, KANU. Kabla ya hapo vyama vingine vilikuwako. KADU, cha Ronald Ngala wetu wa Pwani, kilianzishwa 1960 na kikajivunja chenyewe 1964 kuingia KANU. KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kilianzishwa 1966, kikapigwa marufuku 1969. Na mwaka ule wa 1966, wabunge walipoanza kuhamia KPU, ilitungwa sheria haraka haraka kwamba mbunge akihama chama kilichompeleka Bungeni hupoteza kiti na kurudi kwa wapiga kura. Sheria kama hiyo tunayo mpaka leo katika Katiba ya 2010. Iangalie vizuri sheria hii, maana ina ncha mbili. Yamzuia mbunge kununuliwa na upande wa pili, ni kweli. Lakini wakati wa chama kimoja, ukifukuzwa chamani umekwisha, huna pengine pa kwenda. Basi aliyeshika chama alikuwa amekushika koo.

Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi, akirudi kutoka safari ya Addis Ababa, aliwaambia mawaziri na viongozi wengine kwamba anataka wauimbe wimbo wake kama kasuku. Alisema hata yeye wakati wa Mzee Kenyatta aliuimba wimbo wa Kenyatta. Sasa mimi nawauliza: kasuku akiona mwizi usiku, atasema nini? Atasema alichofundishwa.

Hebu niwaeleze mlolongo, kwa sababu wengi wetu twalisikia neno hili katika somo la historia na kulipita. Februari 1988 KANU ilifanya uteuzi wa wagombea wake bila karatasi wala sanduku. Mgombea au wakala wake alisimama uwanjani na picha, wafuasi wakajipanga nyuma yake foleni, msimamizi akapita akihesabu vichwa. Waliokubaliwa kupanga ni wenye kadi peke yao. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amepita bila kupingwa, hata ile kura ya siri ya Machi hakuwa na haja nayo.

Babu alipanga. Nilimwuliza ubaya wake ni nini, kwani foleni si kila mtu aiona? Akanijibu hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Ubaya ni huo huo, kwamba kila mtu aiona. Msimamizi wetu wa kazi alikuwa pale. Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa pale. Mimi nilimtaka yule wa foleni ya pili, lakini nilisimama nyuma ya mtu nisiyempenda, nikamwangalia kisogo chake saa nzima." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na sanduku, mjukuu wangu, laweza kufunguliwa likahesabiwa tena. Watu wakishakwenda zao kula, utawahesabu vipi?"

Hilo la pili sikuwa nimelifikiria kamwe. Katika sehemu kadhaa za nchi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, na hapakuwa na karatasi hata moja ya kupeleka mahakamani. Viongozi wa makanisa walipiga kelele. Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama, naye hakukawia kufukuzwa KANU. Hapa Mombasa mwenyekiti wa KANU alikuwa Shariff Nassir, na wazee bado wamkumbuka kwa msemo wake wa "wapende wasipende". Mlolongo ulifutwa na KANU wenyewe mwaka 1990, baada ya kamati ya chama kuzunguka nchi na kusikiliza wananchi.

Lakini wabunge waliopita kwa mlolongo ndio waliokuwa Bungeni wakati mambo makubwa yalipoanza kutendeka kule Nairobi. Nayo ndiyo sehemu ninayotaka kukaa nayo zaidi.

Mwaka 1990 kampuni moja iitwayo Goldenberg International, ya Kamlesh Pattni na wenziwe, ilipewa na serikali haki ya peke yake ya kuuza dhahabu na almasi ya Kenya katika nchi za nje. Wakati huo serikali ilikuwa na mpango wa kuwapa motisha wauzaji wa bidhaa nje ili nchi ipate fedha za kigeni: ukileta dola, serikali yakuongezea asilimia 20. Goldenberg waliongezewa 15 juu yake, jumla 35. Yaani kwa kila shilingi 100 za dahabu waliyosema wameuza, Hazina iliwapa shilingi 35 za bure. Sasa fungueni kitabu chenu cha Jiografia muniambie Kenya ilikuwa na machimbo mangapi ya almasi. Hakuna hata moja. Dhahabu nayo ilikuwa kiduchu. Kilichosafirishwa hasa kilikuwa karatasi.

Karatasi hizo hazikujipitisha zenyewe. Zilipita forodhani, zikapita kwa watu wa madini, zikapita Hazina, zikapita Benki Kuu. Kila mahali palikuwa na mtu mwenye kalamu na mshahara wa serikali. Wengi waliona. Kuona si tatizo. Tatizo ni kwamba aliyeona alijua jambo hili lina wakubwa nyuma yake, na mkubwa ni chama, na chama ni serikali, na serikali ndiyo yampa unga wa watoto. Kasuku wakauimba wimbo.

Mmoja hakuimba. Jina lake David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, wa umri wa miaka ishirini na ushei. Hakuwa mwanasiasa wala wakili. Zile fomu zilikuwa zikipita mezani pake, akaona hesabu zake hazina miguu wala kichwa. Akatoa nakala, akazifikisha kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 siri ikalipuka Bungeni na magazetini. Munyakei alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi haikufika popote, lakini kazi alifukuzwa. Akihofia maisha yake, alikimbia. Alikimbilia wapi? Hapa hapa Mombasa! Akasilimu, akaoa, akaishi kimya katika mji wetu kama mtu yeyote apandaye matatu. Huenda alipita Mwembe Tayari, akanywa kahawa kando ya mtu aliyekuwa akilaumu bei ya unga, wala asimwambie kuwa yeye ndiye aliyejua sababu.

Maana bei zilipanda kweli. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Babu asema mwaka huo nyanya yangu alianza kuupima unga kwa kikombe.

Baadaye, serikali nyingine ilipoingia, iliundwa tume chini ya Jaji Samuel Bosire, mwaka 2003, na hesabu zilizokaguliwa kwa ajili yake zilionyesha shilingi bilioni 158 zilizozunguka baina ya kampuni na watu kadha wa kadha. Munyakei alitoa ushahidi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimtunuku tuzo ya uadilifu. Kazi yake hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, hajatimiza miaka arobaini. Ama Pattni, mashtaka yake yaliburutwa miaka na miaka mpaka Mahakama Kuu ikayazuia mwaka 2013. Desemba 2024 Uingereza na Marekani zilimwekea vikwazo kwa habari za magendo ya dhahabu, safari hii ya Zimbabwe.

Fedha za Goldenberg zilikuwa za nini? Wachunguzi wengi wa siasa husema sehemu yake ndiyo iliyoendesha kampeni za KANU za 1992. Kifungu cha 2A kilikuwa kimeondolewa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, na jogoo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na wa kupigana naye. Likazuka kundi la Youth for KANU '92, mwenyekiti wake Cyrus Jirongo, likamwaga pesa nchi nzima. Noti ya shilingi 500 watu wakaibandika jina, wakaiita "Jirongo". Babu alipata moja. Nikamwuliza alifanyia nini, akasema alinunua sukari na samli, "na kura nikapeleka kwingine, maana safari hii kulikuwa na sanduku." Desemba 29, 1992, Moi alishinda kwa kura kama asilimia 36 tu, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Odinga waligawana zilizobaki, na KANU ikapata viti 100 kati ya 188. Hapa Mombasa chama cha IPK kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha dini, wafuasi wake wengi wakaiunga mkono FORD-Kenya.

Sitaki kuingia sana katika ya Likoni, kwa kuwa wako wenzetu humu shuleni ambao familia zao zilipoteza mengi. Itoshe kusema kwamba Agosti 13, 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika machafuko yaliyofuata watu wa kutoka bara, waliodhaniwa kuwa wapiga kura wa upinzani, waliuawa na kufukuzwa. Waliokufa walizidi 100. Hata kadi hawakuulizwa. Jina lako la ukoo ndilo lililokuwa kadi.

Sasa mtu ataniambia, ah, hayo ni ya KANU, nayo KANU ilishindwa. Kweli, Desemba 27, 2002, Mwai Kibaki na NARC walishinda kwa asilimia 62, na babu asema watu walicheza barabarani toka Mlaleo hadi Kongowea. Lakini miongoni mwa waliopanda gari la NARC walikuwamo waliokuwa mawaziri wa KANU miezi michache tu nyuma. Na haukupita muda ikazuka Anglo Leasing: mikataba ya serikali, ukiwamo wa mitambo ya hati za kusafiria, iliyopewa kampuni isiyokuwa na mwili wala kivuli. John Githongo, katibu wa kudumu aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi, alipoifuatia aliwakuta wenye mikono ni wa serikali yake mwenyewe, waliomtarajia awe mwenzao. Februari 2005 alijiuzulu akiwa Uingereza. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa wa jogoo peke yake.

Basi turudi kwa Wamarekani niliowatetea vibaya katika mjadala. Wao walikuwa na ugonjwa huu zamani kuliko sisi. New York katika miaka ya 1860 ilishikwa na genge la chama cha Democrat lililoitwa Tammany Hall, mkubwa wake William Tweed. Mhamiaji fukara aliyeteremka melini alipewa kazi, makaa ya kuota wakati wa baridi na chakula cha sikukuu. Bei yake ilikuwa kura. Na nyuma ya makaa hayo Tweed na wenziwe walikuwa wakiiba hazina ya mji kwa mamilioni, hasa katika ujenzi wa mahakama, ambapo mafundi walilipwa mara nyingi zaidi ya thamani ya kazi. Alikamatwa 1871, akafia jela 1878. Ukibadilisha makaa ukaweka unga na leso, wajiona uko Kisauni wakati wa kampeni.

Lakini wana kisa kingine, na hiki ndicho ambacho ningekitaja siku ile kama ningekuwa na akili. Rais Richard Nixon wa Republican alipobanwa na kashfa ya Watergate, chama chake kilimkinga karibu miaka miwili. Agosti 5, 1974, ikatolewa kanda ya sauti iliyoonyesha kwamba yeye mwenyewe aliamuru uchunguzi uzimwe. Siku mbili baadaye viongozi watatu wa chama chake mwenyewe, akiwamo Barry Goldwater aliyekuwa mgombea wao wa urais wa 1964, walikwenda Ikulu wakamweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo. Tarehe 9 akaondoka. Waliomwangusha hawakuwa wapinzani, kwani wapinzani walikuwa wakimpigia kelele tangu mwanzo. Alianguka wenziwe walipoacha kuimba.

Je, wameendelea hivyo? Wapi! Februari 2021 Seneti ilipopiga kura kuhusu Donald Trump na uvamizi wa Bunge lao wa Januari 6, maseneta 57 walisema ana hatia na 43 wakasema hana, nazo zilihitajika 67. Saba tu kati ya Republican walikwenda kinyume na chama, na baadhi yao walikaripiwa rasmi na matawi yao majimboni. Liz Cheney, aliyepiga kura ya kumshtaki Trump katika baraza la chini, alishindwa katika uteuzi wa chama chake Wyoming mwaka 2022 kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Upande wa Democrat nako, seneta Robert Menendez wa New Jersey alikutwa nyumbani kwake na vipande vya dhahabu na mabunda ya dola, dhahabu ya kweli safari hii, si ya karatasi kama yetu. Wengi wa maseneta wenzake wa chama walimtaka ajiuzulu, yeye akang'ang'ania mpaka alipopatikana na hatia mwaka 2024. Alihukumiwa miaka 11. Wabaya wanacheka kwamba wenzake walikuwa wepesi kwa sababu gavana wa kumteua mrithi wake alikuwa wa chama hicho hicho. Sijui moyo wa mtu, lakini hesabu yenyewe yaeleweka.

Hapo naona fundo la jambo zima liko wapi. Liko katika uteuzi. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu, tiketi ya chama ndiyo kiti. Basi mwenye kiti humwogopa atoaye tiketi kuliko ampaye kura, iwe ni Wyoming au Pwani. Juni 25, 2024, wabunge wetu 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa, huku nje vijana waliosema hawana kabila wala chama wakiandamana na wengine wakipigwa risasi. Siku ya pili yake Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi, na wengi wa wale 195 wakabaki wameuimba wimbo ambao mwenye wimbo ameuacha.

Jimbo letu la Kisauni si kasuku kiasi hicho, nasema kwa fahari. 1997 lilichagua DP, 2002 NARC, 2007 na 2013 ODM, 2017 Wiper, 2022 likarudi ODM. Simtuhumu yeyote katika hao. Nataka tu muone kwamba wapiga kura wa hapa wamebadilisha rangi mara nyingi, na bado mama yangu alipokwenda kuuliza habari ya basari yangu, mtu mmoja wa mtaani anayejifanya ndiye mwenye orodha alimwuliza kwanza, "Mama, ninyi mlikuwa upande gani?" Mama akajibu, "Upande wa mtoto wangu kusoma." Basari haikuja. Karo tukailipa kwa vipande vipande.

Sasa lile swali. Mtu wa chama chako akiiba, wewe wafanyaje?

Mwaka jana darasa letu lilichagua mhazini wa safari ya magofu ya Gede. Walikuwa wagombea wawili, mmoja wa mkondo wetu wa Mashariki, mmoja wa Magharibi. Wa kwetu alitununulia viazi karai na ukwaju siku moja kabla. Nilikula vitatu. Tukampa kura zote za Mashariki, na kwa kuwa sisi tulikuwa wengi, akashinda. Watu 43 wakatoa malipo ya kwanza, shilingi 50 kila mmoja, jumla 2,150. Safari haikufanyika. Mwalimu alipouliza fedha ziko wapi, yule wa Magharibi alisimama akasema mhazini amezitumia. Sisi wa Mashariki tukamzomea. Tukasema ana wivu kwa sababu alishindwa. Mimi nilijua ni kweli, kwa kuwa nilimwona mhazini na simu mpya, na aliniambia mwenyewe. Nilizomea na mimi, tena kwa sauti. Yule kijana wa Magharibi hakuzungumza nami mpaka muhula ukaisha. Baba yake ni mchukuzi, na ile shilingi 50 aliiomba mara mbili.

Nilipomhadithia babu alilifunga kopo lake la Kimbo, hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye angalau alikuwa na msimamizi wa kazi wa kumwogopa.

Makala haya nimemwonyesha kwanza yule wa Magharibi. Alisoma yote, akasahihisha "dahabu" yangu ikawa "dhahabu", isipokuwa mahali pamoja alipopasahau. Kisha nikamwonyesha mhazini. Aliuliza kama nitamtaja jina, nikamwambia la. Akasema atalipa kidogo kidogo. Kufikia siku ya kumpelekea mhariri karatasi hizi alikuwa amerudisha shilingi 600, na orodha ya walioanza kulipwa imebandikwa nyuma ya mlango wa darasa.